Vidole Vyangu vya Piko Uwanja wa Ndege

Binti yangu Rukia alijifungua Maskati, uzazi wa kwanza, na mumewe hushinda kazini. Aliponipigia simu hakuwa na maneno mengi: "Mama, njoo." Nikafunika cherehani yangu, nikamwomba binamu yangu Mwanaidi anisindikize. Mimi nilikuwa sijawahi kupanda ndege. Yeye alikuwa ameshakwenda Umra.

Siku moja kabla ya safari, jirani yetu Bi Zuhura alikataa katakata niende kwa mjukuu na mikono mitupu. Akanichora maua ya piko viganjani, na ncha za vidole vyote akazipaka nyeusi ti. Nilipendeza, sisemi uongo.

Alfajiri tuliondoka Bagamoyo kwa teksi. Njia nzima Mwanaidi alinifundisha adabu za ndege: usitaje bomu hata kwa mzaha, usibebe samaki wa kukaanga mkobani. Samaki nilikuwa nimeshawafunga. Tulipofika Bunju tukawala, dereva akatusaidia.

Uwanjani, askari wa uhamiaji alikuwa binti mpole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Weka vidole vinne hapo kwenye kioo."

Nikaweka. Taa nyekundu. Nikafuta kwa kanga, nikarudia. Nyekundu tena.

"Piko imeziba alama za vidole, mama. Mashine haioni kitu."

"Imedhani ni mishikaki iliyoungua," akasema Mwanaidi nyuma yangu.

"Basi tujaribu uso," akasema yule binti. "Sogeza ushungi nyuma kidogo, tazama kamera. Usicheke."

Jamani, mimi kuambiwa nisicheke! Kwenye picha ya pasipoti nimenuna kama niliyenyimwa pilau. Mashine ilikuwa ikimtafuta yule mnunaji, ikakutana na mimi, meno yote nje. Ikakataa. Kila nilipobana midomo, nilimsikia Mwanaidi akikohoa kicheko, nami nikapasuka upya.

Ndipo kipaza sauti kikatangaza kwamba abiria wa Maskati waingie ndegeni. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Nikamwona Rukia akilini, peke yake na kichanga, akitazama mlango. Kicheko kikaniisha, nikaitazama kamera.

Taa ikawaka kijani.

"Huyo ndiye wa pasipoti," akasema binti, naye sasa akicheka.

Ikaja zamu ya Mwanaidi, mtaalamu wa safari. Alikuwa amebandika kope ndefu kama ufagio, na kamera ikamkataa mara moja. Akazibandua moja baada ya nyingine mbele ya foleni nzima, huku nikimshikia mkoba na kumwombea dua kwa sauti kubwa. Tulikimbia, na tukawahi.

Jioni Rukia alinifungulia mlango, akaniangukia begani, akalia. Mtoto alilia pia, nadhani kwa sababu ya kelele zetu. Tulikaa naye mpaka arobaini, tukipika uji wa pilipili manga na kumkanda mama yake.

Tuliporudi nyumbani, Bi Zuhura alikuja kuniuliza, maana na yeye anajiandaa kwenda Umra.

"Nipe siri ya safari, shoga."

"Maua yachore miguuni, vidole uviache. Na usinune sana siku ya kupigwa picha. Sura hiyo ndiyo utakayodaiwa."

"Na huyu Mwanaidi, nimchukue? Nasikia alikuponza."

"Mchukue," nikamwambia. "Angenyamaza pale, ningelia kwa wasiwasi, na mashine isingenijua vilevile."