Mistari Chini ya Kucha za Mama

Kwetu Alimbongo tunalima kinkina, muti ya kwinini. Wakati ya kuvuna tunagonga muti na nyundo mpaka maganda inaachana, na maji yake inaingia chini ya kucha, inaacha rangi ya kahawia yenye haitoke mbio. Maganda ile ile tunachemusha, tunakunywa homa ikitushika. Donc mama yangu alipoanza kuwaka mwili kila magaribi, nani angetafuta mbali? Malaria.

Nilimuleta kwangu hapa Butembo, juu mi sipendi kuuguza mutu kwa simu. Nikamunywesha ile dawa chungu asubui na magaribi. Masikio yake ikaanza kulia, homa ikabakia. Juma la tatu mama, mwenye alizoea kupanda mulima na muzigo ya kuni kwa mugongo, alikuwa anapumzika mara mbili mbele ya kufika ku choo.

— Mwanangu, hii hapana malaria, akaniambia. Malaria mi naijua.

Nikamujibu vibaya. Nilimuuliza tangu lini amekuwa munganga.

Jumapili nilitaka aende kanisani akiwa safi, nikashika mukono wake, nikasugua kucha na burosi. Mistari midogo myeusi, kama miba imeingia chini ya kucha, haikutoka. Nikagomba: mama muzima, unaenda mbele ya Mungu na uchafu ya maganda? Akanikumbusha pole pole kwamba hajagusa maganda tangu miezi mbili.

Woga ulinishika, siwezi kudanganya. Mais siku ile ilikuwa ya matoleo ya mavuno, na mi njo nilikuwa ninaimbisha kwaya ya bamama. Nikasema tutaenda ku hospitali kesho.

Kesho yake munganga, mwanamuke wa maneno kidogo, aliangalia kucha mbele ya yote. Akavuta kope ya chini, akanionyesha madoa mekundu. Akasikiliza moyo mpaka nikataka kumunyang'anya kile chombo. Akauliza kama mama aling'olewa jino. Ndiyo, mwezi moja mbele ya homa. Basi akaeleza: vijidudu vya jino viliingia mu damu, vikajenga ku mulango ya moyo, na sasa vipande vinakatika, vinasafiri. Vidogo njo vilifika ku kucha.

— Na vikubwa? nikauliza.

Munganga alikuwa anaangalia mama. Infirmier alikuwa angali anatafuta mushipa ya kuweka sindano, na mudomo ya mama ilikuwa imevutwa upande.

Tulikaa juma sita mu hospitali. Moyo ulipona, lakini kipande chenye kilifika ku bongo kilibeba maneno yake. Munganga alisema hata kama tungekuja Jumapili, pengine ingekuwa vile vile. Sikumuamini, na mpaka leo simuamini.

Mama alikuwa mutu wa kugomba. Batoto bote ba kwetu baliogopa ulimi wake. Sasa ninamulisha buji na kijiko, ninangoja. Ninataka anitukane, hata neno moja. Ananiangalia tu, kisha ananipangusa machozi na mukono wa kushoto, wenye ungali unamutii.