Chai ya Baba Mudogo

Apana, sitakaa pembeni yako kesho kukusaidia kuchagua shofere. Usinikazie macho vile, ile sukari haikujileta yenyewe mu nyumba yangu, najua njo kitu ulikuja kuniomba. Kaa. Kamyo yako inapakiaka bantu juu ya mizigo mpaka Walikale, na ule utachagua atashika roho zao mu mukono. Sikia kwanza.

Iko siku moja haijatoka mu kichwa yangu mpaka leo. Nilikuwa musichana, napikaka kwa Papa Muhindo, mufanya biashara wa Butembo aliyefungua duka kule Ntoto. Chumvi na sabuni yake ilikuwa inatoka Masisi ku mugongo ya bantu, kwa miguu, mu pori. Basi kapita, ule anaongozaka babebaji mu njia, akagonjwa, ikabidi kutafuta mwengine. Mvua ilikuwa inapiga, muto imejaa. Babebaji balikuwa bamekaa inje banangojea, na kaka yangu Bahati mu kati yao. Mama alinibakizia ule mumoja tu. Ule bangechagua, njo Bahati angemufuata ndani ya maji.

Kijana mumoja akaingia kuomba ile kazi. Lakini unajua kwetu: muntu akitafuta kazi, analetaka mukubwa wa kumusemea. Akaja na baba yake mudogo, bwana wa koti na kravati, jasho tiririri.

Papa Muhindo akaanza na kikohozi yake: “Hm-hm! Uko mwizi? Apana, naona hauko mwizi. Unakunywaka? Apana, macho iko safi. Njia unaijua? Eeh, unaijua.”

Na baba mudogo, kwa mapua: “Patro, mukubwa wetu, huyu mutoto iko na nguvu ya ngombe! Mama yake alimuzaa akiwa anatembea!”

Na kijana? Kimya, sawa mbuzi ya soko. Wewe pia uko sawa Papa Muhindo, mwanangu, unaulizaka na unajijibu, usicheke. Mimi namimina chai. Bazee babili banapatana, na ule ataongoza kaka yangu hata sauti yake siijue.

Bibi ya patro, Mama Kahindo, alikuwa ku mulango anatoa maharagi mu maganda. Akasema polepole, bila kuinua kichwa: “Wewe kijana. Tuambie siku moja mambo ilikuharibikia mu njia. Ulifanya nini?”

“Mama, huyu mutoto—” baba mudogo akaanza.

“Papa, chai yako inapoa,” Mama Kahindo akamukata.

Kijana akamugeukia. “Ilikuwa ku muto, mama. Kamba ya kuvukia ikakatika.”

“Na kisha?”

“Maji ikatubeba. Nikapiga kelele, tukakamata mizigo. Yote ikafika. Hata sabuni moja haikupotea.”

“Hm-hm! Umesikia? Hata sabuni!” Patro akasimama kumupatia mukono.

“Na bantu?” Mama Kahindo akauliza.

Nyumba yote ikanyamaza. Patro akafungua mudomo amujibie. Bibi yake akainua mukono, patro akaufunga.

Ile kimya, mwanangu, njo nataka uende nayo kesho. Usiulize shofere kama iko muzuri, nani atakuambia iko mubaya? Uliza siku ilimuharibikia, na “na kisha”, na “na kisha” tena. Ule aliyemuleta, umupatie chai, lakini kiti ya kujibu iko ya mwenye atashika usukani. Wote ubaulize vilevile, hata mutoto wa shangazi yako, najua iko anakuja. Na ukisha kuuliza, funga hiyo mudomo yako. Itakuuma, ulizaliwa nayo wazi. Mungu akupe masikio kubwa, na kila muntu atapanda kamyo yako, ashuke na miguu yake mwenyewe.

Bahati akashika njia nyuma ya kapita mwengine, akarudi muzima. Sababu kijana, mbele ya kujibu ile swali ya bantu, aliangalia baba yake mudogo, baba mudogo akaangalia kikombe, na neno moja ikamaliza chai, kikohozi na kazi:

“Ile siku, mama, nilihesabu mizigo.”