Moshi wa Rasoa, Nilivyouona kutoka Menengai

Mpaka leo naona haya, lakini wacha niseme: niliamini kabisa kwamba ukisimama ukingoni mwa Menengai, mlima ule wenye shimo kileleni, siku isiyo na mawingu, unaona mpaka kwetu Maragoli, migomba na yote. Pale Bondeni, mtaani tulikopanga chini ya mlima, kila mtu alimjua mtu aliyeona. Mmoja aliapa kwamba alimwona ng'ombe wake, akamtambua kwa pembe. Na mimi niliyekuwa nimetoka tu kufaulu masomo ya usiku (jiografia niliipiga mpaka ramani ikaniogopa), ningebisha vipi? Tena nilitaka iwe kweli. Mke wangu Rasoa alikuwa nyumbani na Jeni wetu mchanga, nami nilikuwa nimebaki na leso yake, nayo harufu ilikuwa imeshaisha kwa kunusiwa.

Basi nikamtuma binamu yangu aliyekuwa akienda likizo: mwambie Rasoa, Jumapili baada ya ibada achome majani mabichi ya migomba nyuma ya jiko, nami nitampungia kutoka juu. Ningenyamaza hapo ningepona. Lakini nikawatangazia wanakwaya, wakaja wote na viatu vya Jumapili na viazi vya kuchemsha, na Mama Mchungaji akaniazima kitambaa cheupe cha meza ya kanisa cha kupungia (akaja naye, maana kitambaa hicho hakukiacha kitoke machoni pake).

Tulipanda mpaka vifua vikalia kama injini ya mizigo. Kule juu, nyuma yetu lile shimo kubwa linalomeza hata mwangwi, mbele yetu bonde lote, na mbali upande wa magharibi, moshi mwembamba unapanda. Nikalia. Mtu mzima, tai shingoni, nalia. "Rasoa, nakuona, mama," nikapaza sauti, nikapunga kitambaa kwa mikono miwili, upepo ukanipokonya, kikaelea juu ya vichwa vya kwaya na kuzama shimoni.

Zakayo, yule wa sauti nzito kwayani, akauliza polepole, "Ndugu, mkeo amehamia Rongai? Maana pale ni Rongai, hapa karibu tu, mzungu anachoma mabua ya ngano."

Walicheka mpaka wengine wakaketi juu ya viazi. Mama Mchungaji hakucheka, alikuwa akichungulia shimoni. "Na Jumapili ijayo," akasema, "tutandike shati lako?"

Nami, pamoja na aibu yote, sikuweza kuuacha ule moshi kwa macho mpaka ukaisha.

Krismasi Rasoa akaja kwa treni. Hata kikapu hajatua, nikamuuliza kama aliwasha.

"Niliwasha, Baba Jeni. Mama yako akaja mbio na ndoo, akidhani jiko linaungua."

Nikamwambia basi ni ukungu tu ulionizuia, safari nyingine nitaona. Akanitazama kwa huruma.

"Hutaona. Katikati kuna milima ya Mau, nayo ni mirefu kuliko mlima wako. Treni imepanda huko mpaka masikio yakaziba, ndipo ikateremka hapa. Sisi tuko chini, upande ule mwingine. Ukitaka kuniona, njoo nyumbani."