Bibi alikaa na barua ya babu miezi saba bila kujua imeandikwa nini

Wakuu, salaam zenu wote. Wa kanisani, wa msikitini, na nyie mnaosema hamna upande.

Hii si chai. Nimesimuliwa na bibi mzaa baba kwa mdomo wake, na kipande cha mwisho kimenikuta mwenyewe. Pale nisipojua nitasema sijui, maana hata mimi hii habari bado inanisumbua kichwa.

Nianze na mimi kidogo, ili mjue kwa nini bibi alinisimulia.

Miaka ile nilikuwa na fremu ya spea za baiskeli Kariakoo. Mtoto wetu wa kwanza, Neema, ana miaka minne, akaamka na homa. Saa nne asubuhi mke wangu akaja dukani kambeba, anasema twende hospitali. Nikamwambia mpe dawa ya homa, subiri kidogo, kuna mteja wa jumla anatoka mkoani.

Mteja akafika saa tisa. Hospitali tukafika saa kumi na moja.

Kesho yake tukamzika Neema.

Mke wangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na hicho ndicho kilichonimaliza. Kanisani nikaacha kwenda. Si kwamba nilimkasirikia Mungu, hapana. Niliona aibu. Nikifumba macho kusali namwona mke wangu kasimama pale mlangoni mwa duka na mtoto begani.

Bibi wakati huo kashavuka themanini, anakaa Mchafukoge kwa shangazi. Mama wa kanisa haswa, hakosi ibada hata mvua inyeshe vipi. Akaniita. Nikajua leo nahubiriwa mpaka nikome.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa hapo. Leo sikuhubirii. Leo nakwambia nilivyomuua babu yako."

Wakuu, nilidhani uzee umemzidi. Nikakaa.

Sasa twende enzi za Mwingereza, katikati ya zile vita kuu mbili.

Bibi alishuka na babu kutoka milima ya Uluguru, wote vijana wabichi. Babu aliitwa Mkude, alikuwa kuli bandarini. Walipanga chumba Kariakoo kwa Bi Zuwena, mama wa Kiarabu aliyekuwa na duka la kanga na mafuta ya taa hapohapo barazani kwake. Bi Zuwena alishindwa kutamka jina la bibi la kimlimani, akamwambia, "Mwanangu, mimi nitakuita Mwajuma, usinichoshe." Basi mtaa mzima ukamjua kwa Mwajuma.

Dini hakuwa nayo. Idi alikula pilau kwa Bi Zuwena, Krismasi alikula kwa Wamisheni. Alikuwa mtu wa sahani, anasema mwenyewe huku anacheka.

Kazi za bandarini zikakauka. Babu akaenda Tanga kukata mkonge, akamwacha bibi ana mimba changa na kibanda cha vitumbua.

Miezi ikapita kimya kabisa. Wanaume waliorudi kutoka Tanga wakaanza kumtania: Mkude ana mwanamke mwingine kule, we endelea kukaanga tu. Wengine walitania, wengine walisema wana uhakika. Yeye alizimeza zote.

Halafu siku moja jamaa kashuka kwenye meli, kamtafuta mpaka kwenye kikaango, kampa bahasha. "Ya mumeo hii." Akanunua vitumbua akaenda zake.

Bibi hajui kusoma hata a. Akakimbilia kwa Bi Zuwena, maana yule mama alikuwa msomi, barua za Kiswahili anaandika na kusoma kila siku. Bi Zuwena akaifungua, akaigeuza huku, akaigeuza kule, akaishusha.

"Mwanangu, hizi si herufi zangu. Hizi za Kizungu."

Hapo nilimkatisha bibi, sikuelewa. Kumbe watu wa pwani enzi hizo waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu! Sasa lugha ni yake, mpangaji wake yuko mbele yake anasubiri, na hawezi kumsaidia. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne hiyo sikuwahi kufundishwa.

Sokoni palikuwa na karani anayewasomea watu barua. Lakini alisoma kwa sauti, na waliokuwa wakipita walisimama kusikiliza. Mama mmoja wa nyumba ya jirani alipeleka yake, kumbe ni talaka. Ikasomwa yote mbele za watu, na jioni watoto wanaimba maneno yake pale Mnazi Mmoja.

Bibi akasema hapana. "Kama naachwa, najisomea mwenyewe."

Aliyemwonyesha njia ni Bi Zuwena huyohuyo, swala tano, binti wa Mwarabu. "Nenda kwa Wamisheni kule Msimbazi, ndio wenye herufi hizo. Soma upesi urudi." Nyie mnaoleta udini kwenye kila uzi humu, someni tena hiyo sentensi.

Akaenda. Akamkuta mwalimu wa misheni, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, chini ya banda la makuti.

"Mwalimu, nataka kusoma."

"Karibu sana binti."

Akaandikwa jina. Sasa wakuu, hapa ndipo nilipocheka mpaka shangazi akatoka jikoni. Enzi hizo Wamisheni wakisema mtu "anasoma" maana yake anafundishwa dini ili abatizwe. Bibi anataka a, e, i, o, u. Mwalimu kamwandika kwenye ubatizo!

Wiki tatu nzima anakaririshwa amri kumi kwa mdomo. Anakariri tu, anajua ndio utaratibu, herufi zinakuja. Mwisho akachoka, akanyoosha mkono: "Mwalimu, usizini nimeshaielewa. Herufi lini?"

Banda zima likaangua kicheko. Mwalimu akavua miwani akafuta macho. Alipoelewa kilichotokea hakumfukuza. Akampa kibao cha kuandikia, kila siku baada ya mafundisho anambakiza anamfundisha silabi.

Lakini hakumwambia mwalimu kuhusu barua. Nikamuuliza, bibi, kwa nini? Mtu mwema vile si angekusomea kwa dakika moja?

Akajibu:

"Aibu. Mwalimu alinipa heshima. Mwanamke aliyeachwa nani angempa heshima? Kila siku nilisema kesho."

Katikati akajifungua baba yangu. Akakaa ndani arobaini, akarudi na mtoto mgongoni. Barua iko chini ya kanga sandukuni. Jumla ni miezi saba.

Siku aliyojiona yuko tayari ilikuwa mchana, mtoto kalala. Akaketi kitandani, akaisoma kwa kidole, silabi kwa silabi. Aliniambia maneno yake bila kupepesa macho:

"Mke wangu. Mimi naumwa. Nipo hospitali ya shamba. Sina mtu huku. Njoo unichukue. Njoo upesi. Mimi Mkude. Nimeandikiwa na dresa."

Dresa ni wale wafunga vidonda wa hospitali. Barua ilikuwa hiyo tu. Hakukuwa na talaka wala mwanamke mwingine.

Anasema neno lililomchukua muda mrefu kuliko yote kulisoma ni "upesi".

Alipiga yowe mpaka Bi Zuwena akaacha duka wazi. Wakakaa sakafuni wote wawili wanalia, Bi Zuwena anajipiga kifua, "Mimi ndiye niliyekupeleka shule, mimi!"

Kesho yake bibi akaenda Msimbazi, hakusalimia. "Mwalimu, futa jina langu. Mungu wenu kanifundisha kusoma ili nisome hii?" Akamtupia barua.

Mwalimu akaisoma. Bibi alisubiri mahubiri, hayakuja. Yule mzee alikaa chini. Akasema, "Ningekusomea siku ya kwanza." Kisha akamsogezea karatasi. "Jina nitalifuta. Ila mwandikie huyo dresa kwanza. Muulize."

Hiyo ndiyo barua ya kwanza bibi yangu kuandika duniani: mimi mke wa Mkude, barua nimeisoma jana, yuko wapi.

Jibu likaja baada ya wiki nyingi. Kurasa mbili. Dresa aliandika kwamba Mkude alifariki siku ya tatu tangu barua iandikwe, hata haijaondoka Tanga. "Ungeisoma siku ileile ilipokufikia usingemkuta. Mama, usijilaumu." Akaeleza alivyomshika mkono, alivyosali naye, na kwamba babu alitaja jina la mkewe, lile la kimlimani.

Bibi akaisoma mwenyewe, mara moja, bila kidole. Akaenda kwa mwalimu.

"Andika tena jina langu."

"Unataka kusoma?"

"Kusoma nimeshajua, Mwalimu. Sasa nataka kusoma."

Nilimwuliza hiyo barua ilibadilisha nini hasa. Akasema, "Mtu asiyenijua aliacha wagonjwa wake akaniandikia kurasa mbili ili nisife na lawama. Nikasema kama yupo mtu wa namna hii, basi na aliyemfunza yupo."

Lakini mimi kichwa changu mnakijua. Nikauliza swali ambalo labda na nyie mnalo.

"Bibi, na kama dresa alikudanganya? Kama babu alikaa miezi anakusubiri, na yule akakuonea huruma tu?"

Nilitegemea akasirike. Akasema, "Labda." Kisha akaomba chai.

Wakuu, hiyo "labda" ilininyima raha. Zaidi ya miaka sitini anaimba, anafunga, anasali, na hilo swali alikuwa nalo muda wote!

Nikafunga duka nikapanda basi la Tanga. Nilitaka tarehe tu. Nikauliza huku na huku mpaka nikalipata lile shamba. Hospitali imebaki kuta. Madaftari, wanasema, yaliliwa na mchwa zamani. Mlinzi akanipeleka walikozikwa manamba, wale vibarua wa mkonge. Hakuna msalaba, hakuna namba, mkonge umeota juu yao mstari kwa mstari. Nikasimama palepale juani, sijui babu yangu ni yupi, nikalia kwa sauti kama mtoto. Na nikasali, mara ya kwanza tangu Neema. Sikuona mlango wa duka.

Nikarudi Mchafukoge. "Bibi, tarehe sikuipata."

"Basi sasa tuko sawa, mimi na wewe," akasema. "Nenda kwako."

Nikaenda. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Nikakaa chini mbele yake, nikasema kile nilichoshindwa kusema muda wote ule: ulikuja na mtoto, nikakwambia subiri. Nisamehe.

Hakuacha kuchambua. "Nilikusamehe siku ileile," akasema. "Wewe ndiye hukuuliza."

Ni kweli alinisamehe siku ileile? Mwanamke aliyetoka kumzika mwanawe? Au alinionea huruma tu? Sijui, wakuu, na sijamuuliza tena. Nimeamua kumwamini. Ile Jumapili tulikwenda kanisani pamoja, na mpaka leo tunaenda.

Nilichojifunza ni hicho tu. Nilidhani imani ni kupata uhakika kwanza. Kumbe mimi nilikuwa naamini watu kila siku, ila nilikataa kuamini pale niliposamehewa.

Haya, uwanja wenu. Dresa alisema kweli au alidanganya? Wenye akili za mahakama njooni, wachungaji njooni, mashehe njooni. Na kama kuna mtu humu ana neno la msamaha analoogopa kuliuliza nyumbani kwake, aache kwanza kukoment, aende akaulize.