Pini Arobaini za Fundi Kesho

Watu walimwita Fundi Kesho, na jina lilimkaa kiasi kwamba hata mwenye nyumba alimwandikia barua kwa jina hilo. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu, atakwambia njoo Alhamisi. Alhamisi atakwambia kesho, na hiyo kesho ikifika atakwambia kesho. Wateja walisonya, wakacheka, wakarudi, kwa sababu mkono wake haukuwa na mpinzani. Mafundi wote ndivyo walivyo, walisema. Walikosea. Nguo ya Alhamisi ilikuwa tayari tangu Jumanne, imepigwa pasi, imetundikwa nyuma ya pazia. Fundi hakuwa mvivu. Alikuwa anaogopa pini.

Miaka kumi na moja iliyopita mteja mmoja alirudi na shati, akaweka pini mezani, akacheka. "Fundi, hii umeisahau kwenye kola. Imenisalimia shingo asubuhi asubuhi." Yakaishia hapo. Mteja aliyasahau kabla hajafika njiapanda. Fundi yeye akajiuliza: je, ingekuwa nguo ya mtoto mchanga? Swali likaingia, likavua viatu, likakaa.

Tangu hapo pini zake zilikuwa arobaini, wala si thelathini na tisa. Alizihesabu kabla ya kazi na baada ya kazi. Kisha alipitisha sumaku juu ya nguo mara tatu, na akipotewa na hesabu alianza upya. Kisha alifumua upindo, akachungulia ndani, akaushona tena. Na kwa kuwa kaushona tena, si pini ingeweza kuingia tena? Kesho zote zilitoka hapo. Alijua kabisa ni upuuzi, na hilo ndilo lililomtia aibu.

Mkewe alipokuwa hai mambo yalikuwa nafuu.

"Mama, nimeangalia?"

"Umeangalia, baba."

Aliuliza tena, akajibiwa tena, mke akiendelea kuchambua mchele wake bila kuinua macho. Siku mbaya aliuliza hata mara kumi na mbili. Alipofariki, miaka mitano sasa, fundi alimzika pamoja na lile jibu, akabaki anauliza ukuta na cherehani.

Binti yake wa pekee alikaa mtaa wa tatu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Alipojifungua mtoto wa kike, fundi alishona gauni siku hiyo hiyo, na hakulipeleka. Mwaka uliofuata akashona jingine, kubwa kidogo. Sasa yalikuwa manne kabatini, na hakuna lililowahi kuvaliwa. Hata yeye mwenyewe hakuingia katika nyumba ile, maana pini ingeweza kunasa kwenye suruali yake ikadondoka sakafuni, na mtoto anatambaa. Alisimama getini, akapunga mkono, akasingizia kazi. Binti alidhani ni majonzi ya msiba. Baadaye akadhani ni roho ngumu. Fundi hakumwambia kitu, angeanzia wapi?

Siku moja binti alimfuata dukani.

"Baba, miezi mitatu ijayo mtoto anatimiza miaka minne. Usipokuja hata siku hiyo, sitakuita tena. Nimechoka kumwambia babu ana kazi."

Hakupaza sauti. Angepaza, fundi angeona afadhali.

Siku ya pili yake muuguzi mmoja, mteja wa siku nyingi, alikuja kufuata sare yake kwa mara ya nne. Uvumilivu ulishamwisha, akapita pazia bila hodi. Alimkuta fundi anafumua upindo wa sare iliyokamilika, machozi yanamtoka.

"Fundi, unafanya nini?"

"Natafuta pini."

"Imepotea?"

"Haijapotea. Zote arobaini zile pale."

"Sasa unatafuta ipi?"

Fundi aliweka sare mezani. Muuguzi akavuta kigoda, akakaa. "Hali hii ina jina lake, na wenye nayo si wewe peke yako. Pale kliniki kwetu kuna mshauri, kila Alhamisi."

"Mimi si mwendawazimu, dada."

"Nani kasema? Mwendawazimu angeshanipa sare yangu."

Fundi alicheka bila kupenda. Alhamisi akaenda.

Mshauri alikuwa mama wa makamo, katika chumba cha viti viwili na feni mbovu. Alisikiliza yote bila kushangaa, na fundi ndiye aliyeshangaa. Akamweleza kwamba huu ni ugonjwa: wazo linakung'ang'ania, unarudia kitendo ili upumue, unapumua kidogo, halafu wazo linarudi na nguvu zaidi.

"Mke wangu alikuwa ananisaidia," fundi alisema.

"Alikupenda. Lakini kila alipokujibu, ule wasiwasi ulipata chakula."

Hilo lilimchoma. Kati ya maneno yote ya marehemu, jibu lile ndilo alilokuwa amelitunza moyoni.

Matibabu yenyewe yalikuwa magumu kuliko ugonjwa, au ndivyo alivyoona. Sumaku ipite mara moja, basi. Asifumue. Akae na wasiwasi wake mpaka upoe wenyewe. Wiki za mwanzo alikaa juu ya viganja vyake dukani, jasho likimtiririka. Wiki ya sita alitoa sketi siku ileile aliyoahidi, na mteja akamwuliza kama anaumwa. Wiki ya tisa alianguka, akafumua suruali moja mara tano, akaenda kukiri kwa aibu. "Sawa," mshauri alisema, "tuendelee."

Siku ya siku alibeba gauni la tano, la njano, kola nyeupe. Sumaku aliiacha dukani kwa makusudi. Pale getini kidole gumba chake kilikuwa kinatambaa juu ya upindo kupitia mfuko wa karatasi. Binti alifungua mlango, akasogea pembeni. Fundi akaingia.

"Mama," mtoto aliuliza, "huyu si yule babu wa getini?"

Gauni liligoma kifuani. Fundi alikuwa amekadiria kwa macho, na kwa mbali mtoto huonekana mdogo.

"Ungekuja kumpima, baba," binti alisema.

"Nimeacha akiba kwenye mishono. Nipe sindano."

Binti akaleta sindano, uzi, na kopo la bati la pini, la marehemu mama yake. Zilikuwa nyingi, zimechanganyika na vifungo, na hakuna aliyewahi kuzihesabu. Mtoto akasimama juu ya stuli. Babu yake akampima, akafumua, akabandika pini ubavuni, akashona. Kisha akazichomoa, akapapasa mshono mara moja, kama fundi yeyote.

"Babu, pini zimetoka zote?"

Alitazama kopo. Akamgeukia binti yake, na lile swali la zamani lilikuwa limeshafika mdomoni. Akalimeza.

"Nadhani zimetoka," alisema.

Mtoto akakimbia nje kuwaonyesha wenzake. Fundi alibaki kitini, mikono magotini, akimsikiliza anavyocheka, na hakuinuka kumfuata.