Sufuria la Harusi Lililogeuka Kiwanda

Nilitoka Unguja kwa sababu ya picha ya sufuria. Shangazi Zuhura, anayeishi London, aliipiga kwenye maonyesho ya maendeleo yanayoeleza jinsi Wafaransa walivyoviletea viwanda visiwa vya Komoro. "Njoo, mwanangu," alisema kwenye simu. "Wewe fundi wa sufuria, mimi macho hayanitoshi. Nahisi ndilo lile la baba."

Babu yangu alikuwa fundi wa shaba Nzuwani, huko Komoro, na mji ulimkabidhi atunze sufuria la wote la kupikia pilau ya harusi. Kampuni ya Kifaransa iliyochemsha maua ya langilangi kutoa mafuta ya manukato ilitobokewa na mtambo, ikaja kwake kuazima. Sufuria halikurudi. Watu wakasema ameliuza. Akahamia Unguja na aibu hiyo, akafa nayo.

Uwanja wa ndege wa Heathrow, asubuhi. Ofisa aliniuliza nimefuata nini. Nikamjibu, kutazama sufuria. Alinikagua kwa umakini ambao laiti kampuni ile ingeutumia kutunza vitu vya watu.

Walthamstow, mtaani kwa Shangazi, adhuhuri. Shangazi alinilisha mpaka nikashindwa kuinuka, lakini yeye hakula.

Siku ya pili, tulipanda treni pamoja na mjukuu wake, Salma. Kwenye maonyesho kulikuwa na ramani ya barabara ya wakoloni: moja tu, kutoka shambani hadi bandarini. Haikupita kijiji hata kimoja. Labda wenyeji walikuwa hawapendi kutembea.

Sufuria lenyewe lilimulikwa taa kama bibi harusi. Kibao kilisema ni mtambo ulioletwa na kampuni. Nikainama nikachungulia kitakoni. Kiraka, misumari saba, kimekaa upande. Babu alikuwa na chongo. Viraka vyake vyote nyumbani kwetu vimekaa hivyo hivyo, na tulikuwa tukivicheka.

"Shangazi, ndilo."

Akanyoosha mkono. "Bibi, don't touch!" Salma akanong'ona. Shangazi akaligusa.

Mwangalizi akaja mbio, dada mpole. "Mama, hiki ni kifaa cha kiwanda."

"Kiwanda? Humu imepikwa pilau ya harusi ya mama yangu!"

Nikamwonesha kiraka, nikamweleza. Alisikiliza vizuri, akaahidi kulipeleka suala kwenye kamati. Hapo nikajihisi niko nyumbani kabisa.

"Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu," Shangazi akamwambia. "Nyinyi hata kitupu hamkukirudisha."

Palepale akampigia binamu yake Nzuwani. "Baba hakuuza," alisema. Akarudia mara tatu, kisha akalia mbele ya wageni wote, nami nikalia.

Nimerudi Unguja nikiwa nimejifunza kwamba kiwanda kinaweza kuletwa kutoka ng'ambo hata kama kilitoka jikoni kwenu. Kamati haijajibu. Ila Ijumaa iliyopita mji wa babu ulimsomea hitima na kumtaka radhi. Wamenitumia picha ya pilau. Imepikwa kwenye sufuria ndogo sita, maana lile kubwa lingali London, kwenye maendeleo.