Boksi la Umeme Chumbani kwa Mkwe

Mmeniomba nisimulie jinsi nilivyopona. Nitasimulia, lakini nawaomba msinipigie makofi. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Mimi ni fundi umeme wa Tunduma, mzaliwa wa Iyula. Kabla ya haya yote nilikuwa mtu wa kujisikia. Maduka mengi ya karibu na mpaka niliyafunga nyaya mimi, na hata ng'ambo Zambia walikuwa wakiniita. Fundi mwenzangu akikosea, nilimcheka mbele ya mteja wake. Nilisomea chuoni, na kanuni za kazi nilizijua kama Baba Yetu.

Mama mkwe wangu ni mjane. Anaishi Isansa, analima kahawa. Umeme ulipofika kijijini kwao nikajitolea kumfungia nyumba nzima. Akaomba boksi la meni swichi likae chumbani kwake, wajukuu wasilichezee. Sasa, katika ukoo wetu mkwe bado ni mkwe. Hatushikani mikono, hatuli sahani moja, na chumba anacholala mama mkwe si mahali pa kuingia. Yeye aliketi uani akanipa mgongo, mimi nikaingia nimeinamisha macho, hata kitanda sikukitazama. Nilichotaka ni kutoka upesi.

Basi nikalipua kazi. Boksi lile ni la bati gumu. Waya ukiingia kwenye tundu la bati unatakiwa uvalishwe glandi, yaani kibano cha plastiki kinachoushika usivutike na kuukinga na ukingo wa tundu, ambao ni mkali kama kisu. Glandi nilikuwa nimezisahau Tunduma. Nikatoboa tundu moja juu ya boksi, nikasokomeza nyaya tatu, tena nikiwa nimezimenya gamba la nje kabla hazijaingia. Waya wa ethi, ule wa kupeleka hitilafu ardhini, niliukunja nikauacha nyuma ya boksi. Nilijiambia nitarudi kuufunga. Taa zikawaka, mama akapiga vigelegele huko uani, akanichinjia kuku. Kuku nilimla, kurudi sikurudi.

Miezi ikapita. Siku moja mke wangu, mama Enea, akaniambia, "Mama anasema lile boksi linamtekenya vidole akiligusa."

Nilicheka. Nikamjibu, "Mwambie avae ndala."

Hadi leo nikikumbuka neno hilo natamani ardhi ipasuke nijifiche.

Mama Enea hakuacha kunisumbua, nikaenda. Nilipanda bodaboda, mvua ikaninyeshea njia nzima. Mlangoni pa chumba cha mama mkwe nikavua viatu na soksi kwa heshima, nikaingia na miguu mibichi juu ya sakafu ya saruji. Sikuzima chochote. Sikupima kwa tesita. Niliweka kiganja cha kulia juu ya boksi ili nilifungue.

Likanishika. Watu husema umeme hurusha, lakini mimi ulinivuta. Vidole vilijikunja vyenyewe kwenye ukingo wa bati, meno yakauma ulimi, kifua kikabana, sauti haikutoka. Nilisikia harufu ya nyama inayoungua, nikajua ni yangu. Mama mkwe alisikia boksi likigongagonga ukutani. Akaingia na mchi mkavu wa kinu, akanipiga mkononi kwa nguvu zake zote. Mfupa ukavunjika, vidole vikaachia. Nikaanguka miguuni pake sipumui, nimejikojolea, nimejinyea. Hivyo ndivyo mkwe wangu alivyoniona. Alinichania shati, akanikandamiza kifua mpaka nikavuta pumzi. Majirani walipofika walimkuta ananifuta kwa khanga yake.

Hospitali daktari aliniambia, "Umeme umeingilia mkononi ukatokea nyayoni. Huko njiani umechoma nyama ambayo hatuioni." Kweli, mkojo wangu ulitoka mweusi kama kahawa. Kidole cha mwisho na cha pete vilikauka, wakavikata. Walichuna ngozi ya paja wakaibandika kiganjani, na paja likaniuma kuliko kiganja chenyewe. Daktari aliponiuliza kazi yangu nilisema, "Mkulima."

Ndugu zangu wakaja. Kaka yangu mkubwa, Gidioni, aliutazama mkono uliovunjika akatikisa kichwa. "Fundi mzima apigwe na umeme? Tena chumbani kwa mkwe? Na mchi juu? Huu ni mkono wa mtu."

Nikanyamaza. Wapendwa, kosa langu kubwa ni hapo, si kwenye nyaya. Kama ni uchawi, basi mimi ni fundi hodari aliyeonewa. Kama ni umeme, basi mimi ni mlipuaji wa kazi. Nikachagua kuonewa. Niligeukia ukutani kama mgonjwa asiyeweza kusema.

Maneno kwamba mama mkwe ameniroga yakafika Isansa kabla sijatoka kitandani. Majirani wakaacha kwenda kumsaidia mama kuchuma kahawa. Watoto wakakatazwa kupita uani kwake. Umeme ulikuwa umekatwa, akawa analala kwa kibatari, peke yake. Gidioni naye akaanza kukusanya watu wa kwenda kumtoa kijijini. Mnajua wenyewe bibi mjane akishanyooshewa kidole mambo huishia wapi.

Siku ya safari yao mama Enea aliingia wodini na chupa ya uji. Gidioni na binamu zetu wawili walikuwa kando ya kitanda changu wanapanga. Akaweka chupa chini.

"Baba Enea, nani alikuletea ujumbe wa mama kuhusu boksi?"

"Wewe."

"Ukajibuje?"

Nikatazama dripu.

"Waambie ndugu zako ulivyojibu. Usipowaambia, naenda Isansa sasa hivi nikakae na mama. Wakija watatukuta wawili."

Nikasema. Nikasema ndala, nikasema tundu moja, glandi nilizozisahau, waya wa ethi niliouacha. Nililia mpaka kamasi zikanitoka, na mkono wa kuzifuta sikuwa nao, wa kushoto ukiwa umefungwa dripu. Gidioni alisikiliza hadi mwisho, akachukua kofia yake. "Na sisi tulikuwa tunakwenda kumtoa," akasema, akaondoka bila kuniaga.

Miezi kadhaa nilifanya mazoezi ya kufinya donge la unga kwa vidole vitatu. Nilipoweza kushika bisibisi nilikwenda Isansa. Kwanza nilisimama kanisani nikasema yote niliyosema wodini, mama mkwe akiwa benchi la mbele. Kisha nikaomba ruhusa ya kuingia tena chumbani kwake.

Akaingia pamoja nami, akakaa kitandani. "Safari hii nakaa humu humu, mkwe. Heshima yako ilitaka kukuua."

Watu wa umeme walikuwa wamekata kwenye nguzo, na bado nilipima. Nilipofungua nikakuta ukingo wa bati umekata gamba la waya mpaka kwenye shaba. Ninyi mafundi wenzangu, nisikieni: kila waya tundu lake na glandi yake, gamba la nje liingie hadi ndani ya boksi, waya ubanwe ukutani karibu na boksi usining'inie. Tundu lisilotumika lizibwe. Ethi ifungwe kwenye mwili wa boksi siku hiyo hiyo, si kesho. Na ninyi wenye nyumba, mkitekenywa na boksi, zimeni, mwiteni fundi. Akiwaambia mvae ndala, mfukuzeni, tafuteni mwingine.

Nilifanya kazi ile tangu asubuhi hadi alasiri, mama akinitazama mikono. Umeme uliporudishwa nikapima, nikamwambia, "Mama, tayari. Unaweza kugusa."

Akasema, "Gusa wewe kwanza."

Nikaweka kiganja juu ya boksi, kile kile chenye vidole vitatu. Bati lilikuwa baridi, limetulia. Mama akainuka kitandani, akaja, akaweka kiganja chake pembeni ya changu.